Kuchora maua kwa wino wa Kichina: anza na okidi, rangi baadaye

Chukua karatasi mbili zilizo karibu, moja ya daftari moja ya gazeti, chovya kidole kwenye chai ya rangi afu dondoshea tone moja moja. Kwenye daftari tone litakaa juu limevimba kama chunjua, kwenye gazeti litanywewa na kuanza kutanuka taratibu. Umeshamaliza somo la kwanza. Uchoraji wa maua kwa wino wa Kichina wote umesimama hapo, karatasi inakunywa, wino unatembea, na kazi yako wewe ni kujua brashi imebeba maji kiasi gani kabla haijagusa chini. Ua lenyewe litakuja tu.

Mimi nimetokea kwenye mabango. Nimeandika saluni, nimeandika genge, nimeandika "nyumba hii haiuzwi" mara nyingi mpaka ugomvi wa mirathi wa mtaa mzima naujua, afu nikaingia Tingatinga kidogo. Ule uchoraji alioanza nao mzee Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, una huruma. Unajaza rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, unaweka ndege, ndege akiharibika unamfunika unaweka mwingine. Sasa nilipokaa kwa mara ya kwanza kwa mwalimu wa wino, mama mmoja wa Kichina aliyekuwa anatufundisha Jumamosi, nikafanya hivohivo, jani limetoka limekonda nikapita tena juu yake ili linenepe. Mwalimu hakusema kitu, akainua karatasi yangu akaielekeza dirishani. Majani mengine yote yalikuwa yanapitisha mwanga, lile la kwangu nililolirudia lilikuwa doa zito limekufa kama lami. Toka siku hiyo sirudii mstari. Ukikosea umekosea, vuta karatasi nyingine.

Vifaa sasa. Wachina wana msemo wa hazina nne za chumba cha kusomea, yani brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino, na ukweli ni kwamba kati ya hizo nne pesa yako peleka kwenye karatasi na brashi. Karatasi inaitwa xuan, isome kama "shuen", ya asili inatengenezwa wilaya ya Jing mkoani Anhui kwa magome ya mti wa qingtan yakichanganywa na mabua ya mpunga, na utengenezaji wake UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Wauzaji wengi wanaiita karatasi ya mchele, mchele wenyewe hamna humo, ni mabua tu. Ipo mbichi na ipo iliyoiva, ndivyo wenyewe wanavyosema. Iliyoiva imepakwa shabu na gundi hivyo wino hautanuki, hiyo ni ya wale wanaochora kwa mistari myembamba na rangi tabaka kwa tabaka. Wewe omba mbichi. Ukiwa bado hujaagiza anza na magazeti ya zamani, wala usione aibu, hata China wanafunzi wanafanyia mazoezi kwenye magazeti. Karatasi ya rimu ya A4 achana nayo kabisa, wino unakaa juu juu unang'aa, utajifunza tabia ambazo itabidi uzifute baadaye.

Brashi nunua mbili. Moja ya manyoya ya mbuzi, laini, inabeba maji mengi, ya kupigia petali na majani mapana. Ya pili ngumu kidogo, inayochomoka haraka ukiinyanyua, ya majani ya okidi na matawi. Hiyo ngumu kwa Kichina jina lake linataja mbwa mwitu ila manyoya ni ya kicheche, usije ukadhani umetapeliwa. Brashi mpya inakuja imegandishwa na wanga, iloweke ncha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, usiivunje kwa meno kama nilivyofanya mimi.

Wino wa kijiti ni masizi yaliyokandwa na gundi ya wanyama yakakaushwa. Unaweka matone machache ya maji kwenye jiwe, unashika kijiti wima, unazungusha polepole bila kukandamiza, dakika kumi hivi, mpaka uone mkwaruzo umebadilika sauti na wino umeanza kuvuta kama mafuta. Wenye subira wanasema hapo ndo akili inatulia. Mimi siku nyingi natumia wa chupa, Yidege, kiwanda chao kilianza Beijing mwaka 1865 na chupa yao utaikuta karibu kila darasa. Ongeza sahani tatu nyeupe za udongo, kopo mbili za maji (moja ya kuoshea, moja safi usiichafue), kitambaa kikuukuu, na chini ya karatasi tandika kipande cha blanketi. Bila blanketi wino unapita unashika meza, meza inaurudisha kwenye karatasi, kunatokea madoa ambayo hukuyaomba.

Shika brashi wima. Sio kama kalamu. Gumba na kidole cha shahada vinabana, cha kati kinavuta kwa mbele, cha pete kinasukuma kwa nyuma, kidogo kinamsaidia mwenzake, na kiganja kiwe na nafasi kama umeficha yai humo. Kiwiko kisiguse meza. Hapa ndo watu wa mabango tunateseka, tumezoea kuegemeza mkono kwenye fimbo usitikisike, ila jani la okidi linatoka begani, ukiegemea linakatika katikati.

Sasa kuchovya, na hapa tulia kidogo maana nimeona watu wanasoma haraka afu wanarudi kuuliza mbona ua lao ni doa. Lowesha brashi yote kwenye maji safi, pangusa pembeni ya kopo mpaka isidondoke. Sahani ya kwanza ina wino uliopunguzwa sana, rangi ya maji ya kuoshea masufuria, nyonyesha brashi humo mpaka theluthi mbili. Sahani ya pili wino mzito, gusisha ncha tu. Afu ilaze kidogo kwenye sahani tupu uigongegonge ili nyeusi ipande taratibu kuelekea kwenye maji. Ukiilaza hiyo brashi kwenye karatasi kwa ubavu na kuivuta, mpigo mmoja utakupa nyeusi upande huu, kijivu katikati na karibu nyeupe upande wa pili, petali nzima yenye mwanga wake kwa sekunde moja. Wachina toka enzi za Tang walishasema wino una rangi tano. Jaribu kupata tatu kwanza.

Ukitumia brashi wima ncha ikapita katikati ya mstari, unapata mstari wa mviringo wenye nguvu. Ukiilaza, unapata upana. Maua yote ni kubadilishana hizo mbili.

Okidi ndo ya kuanzia, ni mmoja wa mimea minne ya kufundishia ambayo Wachina wanaiita waungwana wanne, wengine ni meihua ule mti wa plamu unaotoa maua wakati wa baridi, mianzi, na krisanthemamu. Okidi yao usifikirie ile ya hotelini yenye maua makubwa ya zambarau, ni ya porini, majani marefu membamba kama nyasi na maua madogo yenye harufu.

Jani la kwanza. Wino mzito, brashi ngumu. Anza chini kushoto, tua, kandamiza kidogo, nyanyua huku unaenda mpaka mstari unakuwa mwembamba kabisa, kandamiza tena taratibu unenepe, afu ondoa mkono juu kama ndege anayepaa ili ncha iishie kama mkia wa panya. Pale paliponenepa wanapaita tumbo la vunjajungu, na ukimwona vunjajungu akiwa amekaa kwenye jani utakubali. Pale paliposinyaa jani limejikunja, jicho la mtazamaji linajaza lenyewe.

Jani la pili fupi kidogo, linaanzia hapohapo chini, linakata lile la kwanza na kuacha nafasi katikati yenye umbo la jicho refu, wanaliita jicho la fenghuang, yule ndege wao wa hadithi. La tatu linapita ndani ya hilo jicho, kulivunja. Ndo msingi, matatu tu. Baada ya hapo unaweza kuongeza mengine mafupi chini ila angalia majani matatu yasikatane sehemu moja, yakikatana hapo inakuwa ufagio. Mimi nilipewa kazi ya majani mia moja bila ua hata moja, kwenye magazeti, na nilikasirika, nilidhani nafanywa mtoto. Lilipofika kama la sabini hivi bega likaachia lenyewe.

Maua yake wino mwepesi. Majani mazito maua mepesi, usigeuze. Brashi laini, ncha ianzie kwenye ncha ya petali, kandamiza, vuta kuelekea katikati ya ua huku unanyanyua. Petali tano, mbili za kati zimesimama zimekaribiana, tatu za pembeni zimefunguka kama kiganja kinachoomba. Zisiwe sawa. Nyingine ionekane kwa ubavu, nyingine nusu imejificha. Subiri ule mng'ao wa maji uishe kwenye karatasi, ila isikauke kabisa, afu weka vitone vitatu vyeusi tii katikati, vimekaa kama vile vitone vya herufi yao ya moyo. Hivyo vitone vitatu ndo vinaamsha ua zima, ukiviweka mapema vinatawanyika kama buibui, ukichelewa sana vinakaa juu kama inzi. Mpaka leo mimi nakosea hapo moja kati ya matatu.

Na usichore udongo. Kuna okidi moja maarufu ya mchoraji Zheng Sixiao, ya mwaka 1306, ipo Japani kwenye makumbusho ya sanaa ya jiji la Osaka, majani machache na ua, bila ardhi yoyote. Wasong, watawala wa China, walikuwa wameangushwa na Wamongolia mwaka 1279 na yeye akawa anachora okidi bila udongo, alivyoulizwa inasimuliwa alijibu kwamba ardhi imeshaporwa. Huwa nafikiria hiyo kila nikishikwa na hamu ya kujaza karatasi. Sisi wa Tingatinga nafasi tupu tunaiona kama deni, lazima iwekwe vitone. Huku nafasi tupu inaongea, nyingine inaongea mpaka siasa.

Meihua nitapita haraka. Tawi kwanza, brashi kavu ya kicheche, wino mzito maji kidogo, ilaze uiburute kwa kusitasita ili iache mikwaruzo myeupe ndani ya mstari, gome la mti mzee linajitokeza. Acha mapengo kwenye tawi, hayo ndo makazi ya maua. Maua unachora duara duara kwa mipigo miwili miwili, petali tano, ndani tupu, afu vijinyuzi vyenye nukta. Wang Mian wa enzi za Yuan, aliyefariki 1359, alitumia maisha yake kwenye ua hili, tafuta picha zake uone jinsi tawi jeupe la maua linavyotoka bila hata tone la rangi nyeupe.

Watu huniuliza, sasa wewe Mswahili unatafuta nini huko. Nawaambia nendeni Kunduchi. Kwenye makaburi ya nguzo pale, kama ilivyo Mambrui kule juu ya Malindi, wazee wetu walipachika sahani na bakuli za Kichina kwenye chokaa, nyingine zipo, nyingine limebaki tundu la duara tu. Ukifika Fort Jesus Mombasa zimewekwa kwenye kabati za vioo, buluu na nyeupe, angalia yale maua yanayozunguka ukingo, peoni, yungiyungi, krisanthemamu, kwa karibu kabisa mpaka pua iguse kioo. Utaona mpigo uleule. Maua hayo yalichorwa juu ya udongo kabla ya kupakwa glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, na kuchomwa, na udongo ule mkavu unakunywa rangi papohapo kama karatasi mbichi, hakuna kurudia. Na rangi yenyewe ni kobalti, ile nzuri ya enzi za Yuan na mwanzo wa Ming ilikuwa inaletwa kutoka Uajemi. Rangi ya Uajemi, mkono wa fundi wa China, kaburi la Mswahili. Kwahiyo ua la Kichina mimi sijalifuata mbali, lilikuwa hapa kabla ya bibi yake bibi yangu.

Ila kuna kuchukua na kuna kuchukua. Mtu anachora tembo, anaweka mianzi miwili pembeni, anabandika herufi nyekundu ambazo hajui zimeandikwa nini, anasema amechanganya tamaduni. Mfano wa maana kwangu ni Giuseppe Castiglione, Mjesuiti mzaliwa wa Milan, alifika China mwaka 1715 akiwa na miaka 27 na tayari ni mchoraji, wakampa jina Lang Shining, akachora chini ya wafalme watatu, Kangxi, Yongzheng na Qianlong, mpaka anakufa Beijing 1766. Ilibidi ajifunze upya kuchora juu ya hariri kwa rangi zao, ambapo kosa halifutiki, yeye katoka kwenye rangi za mafuta zinazofutika. Na vile vivuli vizito vya Ulaya usoni kwa mtu ikulu hawakuvipenda, kwao ilionekana kama uchafu. Akavipunguza. Mwaka 1723 akachora chombo chenye yungiyungi na masuke ya nafaka kwa ajili ya mwaka wa kwanza wa Yongzheng, kipo Taipei makumbusho ya ikulu, na ukiangalia ile glezi ya chombo inavyong'aa, huo mwanga ni wa Ulaya, hakuuacha. Alijinyima vivuli akabaki na mwanga. Picasso naye, mchoraji wa Kichina Zhang Daqian alipomtembelea kusini mwa Ufaransa mwaka 1956, alimtolea rundo la michoro aliyojaribu kwa wino akimfuata Qi Baishi, mchoraji mwingine wa Kichina. Picasso mzima, kakaa anakopi kama mwanafunzi. Kwahiyo na wewe kopi. Miezi mitatu ya mwanzo kopi tu, kwa Wachina kukopi kazi za wazee ni sehemu ya shule, haina aibu.

Baada ya hapo chora ua lako. Mwalimu aliniuliza kwenu kuna ua gani, nikajibu asmini, haraka haraka, kwa kujivuna kabisa. Akauliza linashikaje kwenye tawi. Nikanyamaza. Asmini nimeiona maisha yangu yote kwenye nywele za mama zangu, kwenye vikuba, kwenye sinia la harusi, kwenye uzi, ila kwenye mti wake sijawahi kuitazama. Nilienda kukaa uani kwa shangazi asubuhi mbili. Majani yake yanakaa mawili mawili yametazamana, vitumba mara nyingi vinatoka vitatu pamoja, cha katikati kinatangulia kufunguka, na kile kilichofunguka kinageukia upande kama kimechoka. Shangazi akaniletea chai akauliza, "We mwanangu, umekosa kazi?" Sasa asmini ni nyeupe na karatasi nyeupe, hapo unakopa kwa meihua, petali unazizungushia mstari mwepesi, afu majani ya nyuma unayapiga mazito yakiwa na maji maji ili weupe usogee mbele. Majani tumia brashi ya mbuzi kwa ubavu, mipigo miwili kila jani, mishipa weka wino ukiwa unakaribia kukauka. Siku ya kwanza nilipiga kumi na nne, nikabakisha moja.

Hiyo moja nikaiharibu mwenyewe, ndo nimalizie na kubandika. Karatasi ya xuan ikikauka inajikunja kama chapati iliyosahaulika, lazima uibandike karatasi nyingine kwa nyuma. Pika uji wa unga wa ngano, uchuje kwa kitambaa, upunguze mpaka uwe kama maziwa. Laza picha kifudifudi kwenye meza safi, inyunyizie maji kama ukungu, inyooshe, paka uji kwa brashi pana kutoka katikati kwenda nje, weka karatasi ya pili, sugua taratibu, afu ibandike kwenye ubao kwa kingo tu uiache siku mbili. Mimi asmini yangu niliichora na wino wa bei rahisi nilioununua dukani wa kujaribia, na sikusubiri, nikaimwagia maji siku ileile. Majani yote yakatembea. Kwahiyo wino wa picha ya kubandika uwe mzuri, na picha iache wiki nzima ikauke, wakati wa masika hata siku kumi.

Mhuri mwekundu weka ukitaka, ila uwe wa jina lako. Wangu nimeuchonga kwenye kifutio cha shule, herufi mbili tu. Na brashi ukimaliza osha kwa maji baridi bila sabuni, ikamue kwa vidole iwe na ncha, itundike ncha ikiangalia chini. Yangu inaning'inia kwenye msumari wa kalenda, na ukuta chini yake una mstari wa kijivu ambao mama mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi anauliza ni wa nini.